Haki ya mchezo huanzia kwenye ratiba

Bao la Feisal Salum dhidi ya Tunisia, tarehe 30 Disemba 2025 huko Morocco, limeshazungumzwa kwenye kila baraza la Unguja na Pemba. Mechi ikaisha 1-1, Taifa Stars ikaingia 16 bora ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza. Kilichozungumzwa kidogo ni hesabu iliyokuwa mezani kabla filimbi haijapulizwa. Mimi kazi yangu ni kusoma kanuni na mikataba ya mashindano, na kwangu hesabu ile inaeleza mambo ya biashara ya mpira kuliko hotuba yoyote ya kiongozi.

Tuiandike. Kabla ya mechi ile Tanzania ilikuwa na pointi 1: imefungwa 2-1 na Nigeria, imetoka 1-1 na Uganda. Yaani mabao 2 ya kufunga, 3 ya kufungwa. Angola, ya tatu katika kundi jingine na kwa hiyo mshindani wa Stars kwa nafasi za washindi wa tatu, ilimaliza mechi zake siku moja kabla ikiwa na pointi 2, mabao 2 ya kufunga na 3 ya kufungwa. Kwa hiyo Stars ikitoka 0-0 na Tunisia, ingelingana na Angola kwa kila kitu: pointi, tofauti ya mabao, mabao ya kufunga. Ikitoka 1-1, inapita juu yake kwa bao moja la kufunga. Na Comoro, wa tatu wa kundi la Morocco, alikuwa na pointi 2 bila bao hata moja. Timu za nafasi ya tatu ni sita, zinapita nne. Ukishakuwa juu ya mbili tu, umepita, hata kama makundi mengine hayajamaliza.

Basi benchi la Stars liliingia uwanjani likijua bao moja na sare vina thamani gani, almuradi Uganda isije ikaishangaza Nigeria upande wa pili. Angola ilipocheza 0-0 na Misri haikujua. Pengine ingejua kwamba inahitaji bao moja zaidi, ingemtoa beki na kumwingiza mshambuliaji dakika ya 80. Hapa hakuna aliyeiba wala aliyehonga. Sisi tulifaidika, na nilifurahi kama wengine. Lakini ukiniuliza kama timu mbili zilifanya mtihani mmoja, jibu ni hapana: mmoja alifanya akiwa na majibu ya mwenzake mfukoni.

Tatizo hili lina asili, na asili yake ni idadi ya mechi za kuuza. AFCON ilipokuwa na timu 16 ilikuwa na mechi 32. Makundi manne, wawili wa juu wanapita, basi. Wa tatu anafunga mizigo. Mwaka 2019, Misri, zikawa timu 24 na mechi 52. Mechi 20 zaidi ni saa nyingi zaidi za matangazo ya televisheni, mabango zaidi pembeni ya uwanja, tiketi zaidi. Lakini 24 ni namba mbaya kwa mtoano. Makundi sita yakitoa wawili wawili unapata 12, na mtoano unataka 16. Nafasi nne zinazopungua ndizo zilizozibwa kwa washindi wa tatu. Ulaya walitangulia kwenye Euro 2016, ambako Albania ilimaliza na pointi 3, ikakaa siku kadhaa kusubiri, kisha ikaambiwa tofauti yake ya mabao haitoshi. Ureno ilipita ikiwa ya tatu kwa sare tatu, na ikachukua kombe.

Watu hudhani dawa ilishapatikana zamani. Kwenye Kombe la Dunia la 1982, mjini Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi iliifunga Austria 1-0 na matokeo hayo yakazipitisha zote mbili, Algeria ikatoka, kwa sababu Algeria ilikuwa imeshacheza siku iliyotangulia. Tangu Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Dawa ile inatibu ndani ya kundi. Haifiki kwenye kundi la jirani, na mshindi wa tatu hushindana na majirani. Wapangaji wenyewe wanalijua hili: FIFA ilipotaka Kombe la Dunia la 2026 liwe na makundi 16 ya timu tatu tatu, ilirudi nyuma Machi 2023 kwa kuwa kundi la timu tatu lingeacha wawili wacheze mwisho huku wa tatu akitazama. Zikawekwa timu nne kwa kundi, makundi 12, mechi 104 badala ya 80 za mpango ule, na washindi wa tatu wanane wanapita. Mlango mmoja ukafungwa, dirisha likaachwa wazi.

Kwa nini basi makundi yote yasimalize usiku mmoja? Kwa AFCON hizo ni mechi 12 kwa wakati mmoja, na zinataka viwanja 12. Morocco 2025 ilitumia viwanja 9. Kwetu tumeliona kwa udogo wake: CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Kundi D lilikuwa uwanja wa Amaan, Unguja, lakini siku ya mwisho Sudan na Senegal zikabaki Unguja huku Nigeria na Congo zikachezea Dar es Salaam, maana Amaan ni mmoja. Na hata viwanja vikipatikana, kituo cha televisheni kilichonunua mechi 52 hakitaki 12 zichezwe pamoja, kwa kuwa mtazamaji ana macho mawili tu. Anataka saa moja mechi hii, saa nne ile.

Kuna kinaya kimoja hapa. Mwenyeji huwekwa Kundi A ili afungue mashindano mbele ya wadhamini na viongozi. Kundi A hufungua kwanza na kumaliza kwanza, kwa hiyo mwenyeji, ambaye kila mtu anadhani anapendelewa, ndiye anayejua kidogo kuliko wote. Januari 2024 Côte d'Ivoire ilifungwa 4-0 na Equatorial Guinea nyumbani, ikabaki na pointi 3 na mabao hasi 3, ikasubiri siku mbili. Zambia, iliyokuwa kundi moja na Tanzania, ilihitaji sare tu na Morocco impite mwenyeji. Ikafungwa 1-0. Côte d'Ivoire ikapita, ikabeba kombe. Faida ya Kundi A ni mapumziko marefu kidogo. Hasara yake ni giza. AFCON 2027 ina wenyeji watatu, Kenya, Uganda na Tanzania, na shabiki wa hapa atazame kwanza kundi la timu yake linamaliza siku gani, kabla hata ya kutazama limepangwa na nani.

Anayetaka kupiga hesabu mwenyewe barazani asihangaike na kikokotoo cha simu. Chora mistari sita, andika wa tatu wa kila kundi, mpange kwa pointi, kisha tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga. Kosa linalofanywa na wengi ni kuhesabu nani yuko juu yako. Hesabu nani yuko chini. Wakifika wawili, tulia. Pointi 4 zimetosha katika kila AFCON ya timu 24 mpaka sasa. Pointi 3 ni mashaka yanayotegemea mabao. Pointi 2 ni bahati tupu, na ndiyo tuliyoipata.

Biashara haiishii kwenye idadi ya mechi, inagusa na kalenda. AFCON ya Morocco ilipangwa katikati ya mwaka 2025, ikasogezwa Disemba kwa sababu FIFA ilikuwa na Kombe la Dunia la Klabu la timu 32 mwezi Juni na Julai. Kisha klabu zikaruhusiwa kubaki na wachezaji hadi tarehe 15 Disemba, na mashindano yakaanza tarehe 21. Timu yenye kikosi cha Ulaya ikapata siku sita za kuandaa watu 28 pamoja. Yenye wachezaji wengi wa ligi ya nyumbani ingeweza kupanga mapema zaidi. Safari hii mnyonge ndiye aliyefaidika, lakini hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Sasa tuje uwanjani, maana huku ndiko Mzanzibari wa kawaida anakoguswa mkononi. Mashindano makubwa hutaka uwanja ukabidhiwe "safi". Maana yake si kufagiwa. Maana yake hakuna tangazo hata moja ambalo halikulipiwa kwa mwenye mashindano: bango la benki hufunikwa, friji ya soda isiyo ya mdhamini hugeuzwa uso, hata jina la uwanja hufutwa. Kwa Kombe la Dunia la 2026, MetLife Stadium inaitwa New York New Jersey Stadium na AT&T Stadium inaitwa Dallas Stadium, kwa kuwa majina yale ni ya kampuni ambazo si wadhamini. Ikiwa makampuni ya ukubwa ule hufutwa, usishangae kibanda cha chipsi.

Nje ya geti huwekwa eneo la zuio. Afrika Kusini 2010 wachuuzi waliondolewa kuzunguka viwanja, na wanawake 36 waliovaa magauni ya rangi ya chungwa ya kampuni moja ya bia walitolewa katika mechi ya Uholanzi na Denmark. Salvador, Brazil, 2014, wauzaji wa acarajé, bajia za kunde zinazokaangwa kwenye mafuta ya mawese, walikuwa waachwe nje. Waligoma kukubali, wakajipanga kama chama, na mwishowe wachache wakaruhusiwa kuuza. Mama wa urojo na kijana wa mishikaki wa hapa waikumbuke hiyo. Aliyeruhusiwa aliomba kabla ya mashindano, kwa jina la kikundi. Siku ya mechi ukimbishia askari, umechelewa.

Kinachopaswa kuulizwa mapema, kwa maandishi, kwa kamati ya maandalizi ya hapa: zuio linaanza mita ngapi kutoka getini, ni siku za mechi tu au kipindi chote, na mtu mwenye duka lake la miaka anaruhusiwa kufungua bila kubadilisha mabango? Kwa kawaida duka la kudumu huachwa liendelee na biashara yake ya kila siku. Linalokatazwa ni kuongeza bango jipya la kujinasibisha na mashindano. Mshona fulana wa Darajani ajue pia: rangi ya bendera na neno "Zanzibar" si mali ya mtu, lakini nembo ya mashindano, picha ya kombe na kikaragosi chake ni alama zilizosajiliwa. Fulana zikikamatwa kwa alama hizo hazirudi, na wala huna mtu wa kumlaumu. Na mwenye kibanda cha kuonyesha mpira: ukitoza kiingilio, au ukiweka bango la mdhamini, onyesho limekuwa la biashara, na leseni inatoka kwa mwenye haki za matangazo. Malipo ya king'amuzi cha nyumbani hayakufuniki.

Nimeacha suala la kiti, yaani uanachama wa Zanzibar katika vyombo vya mpira, kwa makusudi hadi hapa. Amaan ilipokea marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Mei 2025, Simba na RS Berkane, 1-1, na miezi mitatu baadaye ikapokea CHAN. Yaani kwa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, uwanja wetu unatosha. Lakini Zanzibar yenyewe ilipewa uanachama kamili wa CAF Machi 2017, Addis Ababa, ikiwa ya 55, na Julai ya mwaka huo huo, Rabat, ikavuliwa kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Klabu zetu huingia michuano ya Afrika kwa nafasi zake. Timu ya Zanzibar haiingii kufuzu AFCON.

Hoja ya kisheria naielewa, na sidhani itabadilika kesho. Ninachotaka wasomaji wakione ni fedha zinazofuata kiti. Kwa mzunguko wa 2023 hadi 2026, kila chama mwanachama wa FIFA kinaweza kupata hadi dola milioni 8 za mpango wa Forward, fedha za FIFA za kuendeleza mpira: milioni 5 za uendeshaji na milioni 3 za miradi. San Marino, nchi ndogo kabisa ya Ulaya, inahesabiwa kimoja. Tanzania inahesabiwa kimoja, na ZFF, shirikisho la mpira la Zanzibar, si mwanachama, kwa hiyo kinachofika Gombani kule Pemba au Amaan hupitia TFF, shirikisho la Tanzania. Hapo ndipo pa kuuliza, na swali ni la kihasibu tu: mgao wa Zanzibar ni asilimia ngapi, umeandikwa katika hati gani, na hati hiyo inakwisha lini?