Kete iko hewani: 举棋不定 ilianzia wapi?

Juzi niko Kariakoo nakalimani, mteja wangu kashika kipande cha kitambaa, kakiweka, kachukua kingine, karudi kwa kile cha kwanza, dakika ishirini nzima tuko palepale. Mchina mwenye mzigo akanigeukia akasema taratibu 举棋不定, inasomeka jǔ qí bù dìng. Nikamwambia mteja, "Mama, anasema unasitasita sana." Akacheka, tukaendelea. Tafsiri ilikuwa sawa tu, ila mimi hii misemo ya herufi nne ndo kazi yangu ya miaka, na huu ukiutafsiri "kusitasita" unakuwa umeacha maiti mbili nje ya mlango.

Neno kwa neno ni rahisi: kuinua, kete, si, kutulia. Yeyote aliyewahi kukaa kijiweni penye drafti la vizibo vya soda anaijua hiyo picha, jamaa kanyanyua kete, kaining'iniza, watazamaji wanapiga kelele "ukigusa umecheza!" Sasa aliyesema maneno haya mara ya kwanza hakuwa anamcheka mchezaji. Alikuwa anaona watu wanakwenda kufa.

Yamo kwenye Zuozhuan, kitabu kikongwe cha historia ya China, kwenye habari za mwaka 548 KK, na kisa chenyewe kinaanzia nyuma kidogo. Mwaka 559 KK, kwenye dola ya Wei (kaskazini mwa Henan ya leo), mtawala Xian aliwaalika chakula wakuu wawili, Sun Linfu na Ning Zhi. Wakaja wamevaa rasmi kabisa, wakasubiri, wakasubiri, jua linashuka hawajaitwa, kumbe mwenyeji yuko bustanini anawinda bata bukini kwa mshale. Wakamfuata hukohuko, akaongea nao bila hata kuvua kofia yake ya ngozi. Kwa adabu za kule hilo ni tusi. Mwaka huohuo wakamfukuza akakimbilia dola nyingine, Qi, wakaweka mtawala mwingine.

Ning Zhi alipokuwa anakufa jambo hilo likamkaa rohoni. Akamwita mwanae Ning Xi akamwambia jina langu limeandikwa kwenye kumbukumbu za madola yote kwamba nilimfukuza bwana wangu, ukimrudisha utalifunika hilo doa na wewe ni mwanangu, usipoweza basi hata kama mizimu ipo mimi nitabaki na njaa, sitakuja kula sadaka zako. Hebu fikiria kuachiwa wosia wa namna hiyo! Mtoto akakubali. Na mwaka 548 KK yule Xian akatuma ujumbe kutoka uhamishoni kuhusu kurudishwa, Ning Xi akasema sawa.

Habari zikamfikia mkuu mwingine wa Wei, Taishu Wenzi. Akasema Ning Xi anamchukulia mtawala kwa wepesi kuliko hata kete ya mchezo: mchezaji akiinua kete bila kuwa na uamuzi hamshindi mwenzake, sembuse anayemweka mtawala bila uamuzi? Ukoo wa wakuu wa vizazi tisa, kwa mara moja tu unafutika, inasikitisha.

Hapo kwenye "kwa mara moja" ndo ninapopapenda mimi. Kwa Kichina ni 一举, na hiyo 举 ni ileile ya kuinua kete. Yaani mzee kaichukua kete ya mwanzo wa sentensi kaigeuza panga mwishoni, na ukisoma tafsiri yoyote huo mchezo wa maneno hauonekani.

Kingine, wengi wanaandika kwamba msemo huu umetoka kwenye chesi ya Kichina. Hapana bana. Herufi aliyotumia kumtaja mchezaji ni 弈, ambayo ni weiqi, huo mchezo wa vijiwe vyeusi na vyeupe ambao wengi tunaujua kwa jina la Kijapani, go. Ubao wa leo una mistari 19 kwa 19, makutano 361, ingawa ule wa jiwe uliofukuliwa Wangdu, Hebei, wa enzi ya Han, una 17 kwa 17. Na kwenye weiqi kete ukishaitua huisogezi tena, inakaa hapohapo mpaka itekwe. Ndo maana kwa maoni yangu mfano ule unauma: ukoo wa Ning ulimng'oa mtawala, ukaweka mwingine, alafu unataka kumrudisha yule wa kwanza, kitu ambacho hata ubaoni hakiruhusiwi.

Mwaka 547 KK Ning Xi akamuua yule mtawala wa pili, Xian akarudi kwenye kiti. Ahadi ya Xian ilikuwa uongozi wa nchi uwe wa ukoo wa Ning, yeye Xian abaki na matambiko tu, ahadi tamu kweli. Mwaka uliofuata Ning Xi alikuwa ameshika kila kitu mkononi, Xian akaanza kukereka, na mmoja wa watu wake akajitolea kuimaliza hiyo kazi. Ning Xi akauawa, maiti yake ikaanikwa barazani pa mtawala.

Mama wa Kariakoo, kwa taarifa yenu, alichukua vitambaa vyote viwili.