Kinyago cha ujamaa si cha enzi za mababu

Wiki hii nimeletewa tena kinyago cha ujamaa, nguzo ya mpingo yenye watu waliobebana kutoka chini hadi juu, na swali likaja na jibu lake: "Hiki ni cha kale sana, siyo? Wamakonde wamechonga hivi tangu enzi na enzi." Hapana. Nimelijibu hili kwa upole miaka mingi, leo nalijibu kwa maandishi.

Kwamba Wamakonde ni wachongaji wa tangu zamani, hilo halina ubishi. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliondoka na vinyago vyao. Lakini cha zamani ni kile cha kuchezea ngoma. Chukua lipiko: linavaliwa kichwani kama kofia, limechongwa kwa mti mwepesi hadi ukuta wake ukawa mwembamba, nywele za binadamu zimebandikwa utosini, chale za usoni zimetengenezwa kwa nta, na mchezaji anaona njia kupitia mdomo. Mti mwepesi, nasisitiza. Mpingo unazama majini. Nani atauchezea ngoma ukiwa kichwani?

Nguzo ya ujamaa ina historia nyingine. Wamakonde wengi wa uwanda wa Mueda, Msumbiji, walivuka Ruvuma wakikimbia kodi na kazi za shuruti za Wareno, wakaja kukata mkonge Tanganyika. Miaka ya 1950 baadhi yao walikuwa wanachonga mpingo Dar es Salaam na kumuuzia mfanyabiashara Mohamed Peera. Katika kundi hilo Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuanzisha vinyago vya mashetani, yaani vya mapepo, na Yakobo Sangwani nguzo ya watu waliobebana. Nguzo hiyo mwanzoni iliitwa dimoongo: mshindi wa mieleka amebebwa juu na wenzake. Jina la ujamaa lilikuja na siasa ya Ujamaa, iliyopamba moto baada ya Azimio la Arusha la 1967.

Ukishamweleza mtu hayo, anarukia upande wa pili: "Kumbe ni vitu vya watalii tu!" Hapa ndipo ninapokosa subira. Picasso aliuza kazi zake kwa wenye fedha wa Paris, na hakuna aliyesema kwa hiyo si sanaa. Kwa nini Mmakonde aliyebuni umbo ambalo halikuwahi kuwapo aambiwe ama ni mrithi wa mababu, ama ni mchuuzi? Imani ya ukale inaonekana kama heshima, kumbe inamnyang'anya mtu jina. Kazi ikishaitwa ya kale inakuwa ya kabila zima, na kibandiko chake kinaandikwa "Makonde, mpingo", basi. Nimeona vibandiko vya namna hiyo kwenye kazi ambazo waliozichonga walikuwa bado hai, wakiendelea na kazi.

Liangalie gogo lenyewe. Mpingo haukui ukanyooka. Umepinda, mara nyingi una uwazi ndani, na nje una tabaka jeupe linalozunguka moyo mweusi. Fundi analigeuzageuza gogo hadi aone mgongo wa nani utafuata mpindo upi, ndipo anashika tezo, kisha patasi, tupa na msasa. Ukitaka kujua kama aliyechonga alikuwa anafikiri, tazama pale kisigino cha mmoja kinapokanyaga bega la mwenzake: bega limebonyea? Vidole vimeingia kwenye nyama, au ni mikwaruzo minne tu? Kwenye nguzo zinazochongwa kwa dazeni, mikwaruzo tu. Nyingine hata mpingo si mpingo, ni mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu. Kwaruza chini ya kitako utaona weupe.

Kuna jambo moja vitabu hulipita haraka: mkono wa mnunuzi. Peera alichagua, alilipa, alihimiza waliothubutu. Je, shetani ni wa Likankoa peke yake? Naamini ni wake, maana mapepo yale aliyajua kabla ya kumjua mteja yeyote. Lakini mpaka kati ya alichokiona yeye na alichojua kitanunuliwa, mimi siamini kama kuna awezaye kuuchora.

Ukinunua kinyago Mwenge, soko la wachongaji Dar es Salaam, uliza jina la aliyekichonga na anakotoka. Liandike kwenye karatasi pamoja na mwaka, uibandike chini ya kitako.