Yai halitobolewi na mbegu iliyowahi

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba mamilioni ya mbegu za kiume hutimua mbio, ya kwanza ikafika na kulitoboa yai. Si kweli. Mbegu ikitoka tu kwa mwanamume bado haina uwezo wa kurutubisha. Mwaka 1951 watafiti M. C. Chang na C. R. Austin, kila mmoja kivyake, waligundua kwamba ni lazima ikae kwanza saa kadhaa katika njia ya uzazi ya jike, ndipo iive. Inayowahi sana huwa inafika ikiwa mbichi. Tena haiogelei peke yake: misuli ya mji wa mimba huisukuma.

Wengine husema yai limekaa tu, linasubiri. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa zaidi, kwa sababu yai lina kauli yake. Limevaa gamba laini la protini, na chini ya gamba hilo, kwenye utando wake, kuna protini iitwayo Juno. Kichwani mwa mbegu iliyoiva kuna protini mwenzake inayoshikana nayo, Izumo1. Izumo1 ilitambuliwa Japani mwaka 2005 na timu ya Masaru Okabe, ikapewa jina la hekalu la huko linalohusishwa na ndoa. Juno ikapatikana Uingereza mwaka 2014, ikaitwa kwa jina la mungu wa kike wa ndoa wa Warumi. Panya jike wasio na Juno walikuwa wazima kabisa, na mayai yao yalipevuka kama kawaida. Lakini mbegu zilipita gamba, zikarundikana pale chini, na hakuna iliyoungana na yai. Panya hao hawakushika mimba.

Je, mbegu ya mtu haiwezi kamwe kutambuana na yai la mnyama mwingine? Yai la hamsta, mnyama mdogo anayefanana na panya, likivuliwa gamba, mbegu ya mtu huungana nalo. Mtafiti Yanagimachi na wenzake walionyesha hivyo mwaka 1976. Kiinitete, yaani mimba changa, hakikui hapo, lakini tunajifunza kwamba gamba ndilo linalochagua zaidi.

Na mapacha? Utasikia kwamba Kulwa na Doto ni mbegu mbili zilizoingia yai moja. Hapana. Wanaofanana kabisa ni kiinitete kimoja kilichogawanyika. Wasiofanana ni mayai mawili, kila moja na mbegu yake. Mbegu mbili zikiingia yai moja, kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, huwa 69 badala ya 46, na karibu kila mara mimba huharibika. Visa vya mapacha waliotokana na hali hiyo ni vya kuhesabu kwa vidole.

Ndiyo maana yai hujifunga haraka. Likishapokea mbegu moja humwaga kimeng'enya kinachokata protini za gamba, na mbegu nyingine hazishiki tena. Kwa panya, ndani ya dakika 40 hivi Juno nayo huwa imebanduka kwenye utando, vipande vyake vikielea chini ya gamba, ambako huenda vikazinasa mbegu zilizochelewa.