Baada ya Moto wa Nyika: Dhana Potofu Kuhusu Sanaa na Teknolojia ya Kuwasaidia Manusura

Moto ukizuka Aberdare, sisi wakazi wa Nairobi huulizia kwanza maji, kwa kuwa bwawa la Ndakaini hujazwa na mito ya milima hiyo. Ni nadra tuulizie mioyo ya waliokimbia moshi. Wapo wasanii na wataalamu wanaotumia miwani ya uhalisia pepe, ambayo humfanya aliyeivaa ajione yumo ndani ya mandhari yaliyotengenezwa kwa kompyuta, pamoja na sauti na picha zinazomzunguka mtazamaji, kuwasaidia manusura wa mioto ya aina hii. Kazi hiyo naithamini sana, na ndiyo sababu dhana zifuatazo zinanisumbua.

Dhana: Miwani humponya mtu kwa kumrudisha ndani ya moto.

Hii ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. SnowWorld, programu ya uhalisia pepe iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani kwa ajili ya wagonjwa walioungua, haikuwaonyesha moto. Mgonjwa aliyekuwa akisafishwa vidonda alijiona akipita katika bonde la barafu huku akirusha mabonge ya theluji, na maumivu yalipungua kwa kuwa fikra zake zilikuwa zimeshikwa kwingine. Ni kweli kwamba ipo tiba ya kumkabilisha mtu na kile anachokiogopa: mwaka 1995 mwanasaikolojia Barbara Rothbaum na wenzake walichapisha matokeo ya kuitumia, kwa njia ya uhalisia pepe, kwa watu wanaoogopa kuwa mahali pa juu, na baadaye ikatumiwa kwa askari waliorejea kutoka vitani. Hata hivyo, tiba hiyo hufanywa hatua kwa hatua, tabibu aliyefunzwa akiwa kando, naye mgonjwa akiwa huru kuisimamisha. Kumvisha mama aliyepoteza nyumba miwani yenye miale ya moto mbele ya umati ni ukatili, hata kama nia ni njema.

Dhana: Manusura wakusanywe mara moja, kila mmoja asimulie yaliyomkuta.

Tafiti kuhusu kikao kimoja cha kumsimulisha mtu punde baada ya janga hazikuonyesha kwamba kinazuia kiwewe, na baadhi ya waliohudhuria walizidi kuumia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unaelekeza kwamba mtu asaidiwe kupata mahitaji yake na kuwafikia jamaa zake, na asikilizwe bila kushurutishwa kusema.

Sanaa huja kwa wakati wake. Mji wa Paradise, California, uliteketea tarehe 8 Novemba 2018. Watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yakaharibika. Msanii Jessie Mercer, ambaye familia yake pia iliguswa na moto huo, alikusanya funguo za nyumba, maduka na magari ambayo hayakuwepo tena, akaziunganisha kuwa sanamu ya ndege wa hekaya anayefufuka kutoka majivuni. Ilizinduliwa mwaka mmoja baadaye. Aliyetoa ufunguo hakulazimika kueleza lolote, na nadhani hapo ndipo uzito wa kazi ile ulipo.

Dhana: Hayo ni mambo ya nchi tajiri.

Hapa hapa Nairobi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo mafupi waliwapitisha wanawake waliodhulumiwa katika vikao vitano vya kukabiliana na msongo, na hali yao ikaimarika kuliko ya wale waliopata huduma ya kawaida. Hakukuwa na kifaa cha bei ghali. Atakayetaka kuwaletea manusura wa mioto ya mtaa wa mabanda wa Mukuru picha na sauti anaweza kuanza na shuka jeupe, projekta ya kuazima na wahudumu kama hao, ambao wenyeji wanawajua kwa majina.

Dhana: Anayerekodi kwa nia njema hahitaji ruhusa.

Anaihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inalinda sura na sauti ya mtu, na inampa aliyeridhia haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Kwa hiyo kamera inayopiga picha za pande zote isiingie kwenye magofu kabla mwenye nyumba hajaelezwa, kwa lugha anayoielewa, picha hizo zitaonyeshwa wapi na kwa nani; na akibadili nia baada ya miezi sita, zitolewe kwenye maonyesho bila kumuuliza sababu.