Saa ya mapambazuko: pima mwanga unaofika kwenye mto

Mwishoni mwa Desemba, hapa Glasgow, Uskochi, jua huchomoza karibu saa 2:45 asubuhi, na karibu saa 9:50 alasiri linazama. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia mahali ambapo kunakucha saa 12 na ushei mwaka mzima. Majira yangu ya kwanza ya baridi huku, simu iliniamsha saa 12:30 katika giza totoro, nikawa nafika kazini huku nusu ya mwili imebaki kitandani. Basi nikanunua saa ya mapambazuko, ile yenye taa inayowaka pole pole kabla ya muda wa kuamka. Kazi yangu ni kupima mwanga wa majengo, kwa hiyo sikuanza kwa kuilalia. Niliweka kipimo juu ya mto. Kilisoma luksi 16. Boksi lilikuwa limeandikwa 250.

Boksi halikudanganya. Luksi hupima mwanga unaoangukia mahali fulani, na watengenezaji walipimia umbali wa nusu mita. Mimi saa nilikuwa nimeiweka juu ya kabati, mita 2 kutoka kichwani. Kila ukizidisha umbali mara mbili, mwanga unaobaki ni robo: 250 kwa nusu mita, 62 kwa mita 1, 16 kwa mita 2. Niliihamishia kwenye kistuli kando ya kitanda, usawa wa uso, na asubuhi iliyofuata ilikuwa kama saa nyingine kabisa.

Kwa hiyo dukani swali langu huwa hilo hilo: luksi ngapi, kwa umbali gani? Namba isiyotajiwa umbali ni pambo. Binafsi sishuki chini ya 200 kwa nusu mita. Visaa vidogo vya kuchomeka USB, vinavyojisifia rangi saba za upinde wa mvua, vingi havifiki hapo. Ni taa za sherehe.

Mbona mwanga wote huo? Kwa sababu umefumba macho. Kope hupitisha sehemu ndogo tu, na mwekundu ndio unaopenya zaidi kuliko bluu. Ndiyo maana saa nzuri huanza na wekundu wa makaa, ikapita kwenye rangi ya chungwa, ikaishia kwenye weupe wa joto. Nyuma ya jicho zipo seli ambazo kazi yake kubwa si kuona sura za vitu bali kuuarifu ubongo kwamba kumekucha. Mwanasayansi David Berson na wenzake walizieleza mwaka 2002, na huitikia zaidi mwanga wa bluu, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 480. Maana yake, ukiwa umelala taa inakupunguzia tu uzito wa usingizi. Kazi kubwa inaanza ukishafumbua macho, ndipo watu wengi wanapoizima! Iache iwake mpaka umalize kuvaa.

Jambo ambalo boksi halitaji kamwe ni dakika 5 za mwanzo. Jicho lililozoea giza hupima kwa uwiano: kutoka giza tupu hadi asilimia 10 ya taa ni mruko mkubwa kuliko kutoka 50 hadi 100. Saa za bei poa huanza hapo hapo kwenye 10, ukashtuka kama mtu kakuwashia swichi. Funga mapazia, ijaribu usiku, uiangalie inavyoanza. Kisha ielekezee kamera ya simu ikiwa imefifia. Ukiona mistari inapita, taa hiyo inapepesa, na wenye kipandauso wajihadhari. Kuhusu muda wa taa kupanda hadi mwanga kamili, dakika 30 zinawatosha wengi.

Mengine ni madogo. Tarakimu za saa ziwe nyekundu na zizimike kabisa. Iwe na betri ya kutunza muda umeme ukikatika. Sauti iwepo kama akiba, kwa sababu ukigeukia ukutani hakuna luksi itakayokufuata. Wala usiichanganye na taa za tiba za luksi 10,000 wanazotumia watu wanaozama katika huzuni ya majira ya baridi. Hizo, na hasa ukiwa na maradhi ya macho, mwone daktari kwanza.

Ndugu zangu wa Dar huniuliza kama wanunue. Kama unaamka kunakucha, fungua pazia, hela yako kanunulie neti mpya. Anayetoka saa 10:30 alfajiri kuwahi zamu, huyo ninamwelewa. Huku kwetu hata majira ya joto inanifaa: Juni jua hutoka saa 10:30 alfajiri, nyumba nzima imefungwa mapazia mazito, na bila taa hiyo chumba changu hakijui kama ni mchana au usiku wa manane. Mke wangu amehamia upande wa ukutani, analalia mkono wa kulia, hataki kusikia habari zake.