Madaktari wa meno ni wachache, na bado wanatembea na CV

Wiki jana kijana alinijia kliniki hapa Nyali, Mombasa, koti jeupe amelikunja ndani ya mfuko wa plastiki. Miaka mitano chuo, mwaka mmoja wa intanshipu, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, leseni ya baraza la madaktari anayo, na anachoomba ni siku moja tu kwa wiki. Nikacheka, si kwa kumdharau wallahi, mimi mwenyewe nilizunguka hivyo hivyo.

Sasa utasikia watu wasema, si madaktari wa meno Kenya ni wachache? Ni wachache kweli. Fika hospitali ya Coast General pale Makadara Jumatatu asubuhi uone foleni, mama ametoka Likoni na feri ya alfajiri, shavu limefura amelifunga leso. Wagonjwa tele, madaktari haba, na madaktari hao hao haba wengine hawana kazi. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na sababu kubwa kwa maoni yangu ni kiti.

Daktari wa kawaida akiwa na meza, kalamu na kile kidude cha kusikizia moyo, aweza kuanza kazi. Mimi bila kiti, kompresa, maji, stima na mashine ya kuchemshia vyombo, sizibi jino hata moja, nitang'oa tu. Kwa hivyo kuniajiri mimi ni kununua kiti pia, na kukitengeneza kila kikiharibika, na tangu 2013 afya ilipopelekwa kaunti hiyo hesabu iko juu ya kaunti, ambayo pia yadaiwa dawa, mishahara ya manesi, na kila kitu. Meno huwa ya mwisho kwenye orodha.

Nilifanya kazi kituo kimoja cha umma, jina niachieni, kompresa ikafa tukakaa miezi minne na koleo na sindano za ganzi basi. Siku moja nikahesabu, nimeng'oa meno kumi na saba, na manane kati ya hayo ningeyaziba kama ile mashine ingekuwa inapumua. Kuna bi mmoja wa Kongowea aliniuliza, "Mwanangu, kwani hili halizibiki?" Nikamwambia lazibika mamangu, lakini si hapa. Nikatoka pale mwaka huohuo.

Kwa hivyo wengi twaishia praiveti, na huko usidhani kuna mshahara. Ni kamisheni. Mimi Jumatatu na Jumatano nilikuwa Nyali, Alhamisi Bamburi, Jumamosi navuka feri, na kila mahali napata arubaini kwa mia ya nilichofanya, tena bili ya fundi anayetengeneza meno ya bandia inatolewa kwanza ndo mgawane kilichobaki. Mgonjwa asipokuja huna kitu, nauli yako imeenda. Ramadhani ndo usiseme, mchana nani atakubali kumwagiwa maji mdomoni amefunga, kliniki nyingine zafungua baada ya futari na we daku waila kazini, halafu wiki ya mwisho kila mtu ataka meno yasafishwe yang'ae kabla ya Idd, hupati hata nafasi ya kukaa.

Na hawa vijana wamekuja wakati mgumu kuliko wetu. Wasomao udaktari wa meno hawawezi kuruka intanshipu, na mshahara wa intani ulioandikwa kwenye mkataba wa 2017 wa serikali na chama cha madaktari ulikuwa shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000. Ndo mojawapo ya mambo makubwa yaliyoleta mgomo wa madaktari wa 2024, karibu miezi miwili. Akimaliza hapo hana akiba, benki haimjui, na kiti kimoja na vifaa vyake ni pesa ya kununulia gari, kwa hivyo atakodi kiti cha mwenzake. Na kiti cha kukodi kiko wapi? Kiko Nyali, kwa wenye pesa taslimu au bima ya kazini. Huko kwa yule mama wa Likoni hakuna anayekodisha, na wa kununua hayupo.

Yule kijana nimempa Jumamosi, kiti cha pili, kile taa yake yazimika ukiisukuma vibaya. Nimemwambia aje na tochi ya kichwani.