Kutyuni injini hakuui waranti yote ya gari

Jamani hii ya kusema ukityuni injini tu, yaani kubadili programu ya kompyuta yake ili iongeze nguvu, waranti yote imekufa sio kweli, angalau kwa Marekani ambako sheria ya waranti za bidhaa, Magnuson-Moss, ipo tangu 1975. Umeongeza nguvu kupitia kompyuta ya injini halafu kioo cha mlango kikagoma kushuka, tyuni haiwezi kuwa sababu ya kukunyima waranti, havihusiani. Ila turbo (kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) ikifa au pistoni ikitoboka hapo ndo shughuli, kampuni ya gari ikionyesha tyuni ndo imesababisha bili ni yako, na kwa kweli naona ni haki maana presha imezidi ile ya kiwandani. Na usidhani ukirudisha programu ya zamani kabla ya kwenda kwa dila hawatajua, kompyuta nyingi zinahesabu zimeandikwa upya mara ngapi, Audi na Volkswagen kule wanaweka kabisa alama ya TD1, yaani gari limetyuniwa, kwenye rekodi ya gari.